UZI: Shangani ziko ngapi jamani? Mwanangu kapigwa kosa kwa sababu ya jina la mahali

#1 Kuchele
Wakuu, habari za jioni. Naishi Mbagala Rangi Tatu ila kwetu ni Mtwara, mtaa wa Shangani, na nimekuja na jambo ambalo limenikaa rohoni tangu Jumanne.

Binti yangu yuko darasa la sita. Alirudi na kazi ya nyumbani, swali la nne likiwa hivi: "Mtaje mtu mmoja mashuhuri anayehusishwa na Shangani." Umeme ulikuwa umekatika, namshikia tochi ya simu huku anaandika. Nikamwambia bila kusita: andika David Livingstone. Kwetu tumekua tukisimuliwa kwamba mwaka 1866 alishuka Mikindani na hapo ndipo alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara.

Daftari limerudi na kalamu nyekundu. Kosa. Pembeni mwalimu ameandika "Tippu Tip au Freddie Mercury".

Alama moja siyo kitu. Kilichoniuma ni kwamba mtoto alinitazama akaniuliza, "Baba, kumbe kwetu siyo Shangani?" Sikuwa na jibu la kumpa. Naombeni wenye kujua: Shangani ziko ngapi, nani katokea ipi, na imekuwaje jina likawa moja?

#2 Kijana wa Ilala
Nakaa siti ya mbele. Wajuzi wanakuja.

#3 Nahodha Mstaafu
Kuchele, mwambie mtoto kwenu ni Shangani na hakuna wa kumnyang'anya.

Mimi nimefanya kazi ya bahari miaka mingi, na Shangani ninazozifahamu kwa macho ni tatu. Ya Unguja, kwenye ile rasi ya Mji Mkongwe, hata chati za meli zinaandika Ras Shangani. Ya Mtwara, upande wa pwani wa mji, nyumba zimeachana na viwanja ni vipana. Na ya Mogadishu, mtaa wa zamani kabisa wa mji ule, umepakana na Hamar Weyne. Zote tatu zinatazama maji. Hilo mlifikirie kabla hamjaanza kugombana.

#4 Binti Mkunazini
Kwanza pole kwa mtoto. Pili, mwalimu msimlaumu sana. Ukisema Shangani mbele ya mtu yeyote aliyesoma historia, akili inakwenda Unguja. Pale pana nyumba ya Tippu Tip, jina lake kamili Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefika mpaka Kongo. Alifariki mjini Unguja mwaka 1905. Na huyo Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, jina la kuzaliwa Farrokh Bulsara, amezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, na makumbusho yake yako Shangani, barabara ya Kenyatta, yamefunguliwa mwaka 2019. Mpaka shule alisoma hapohapo Shangani akiwa na wenzake wakaunda bendi.

#5 Msomaji wa Usiku
@Binti Mkunazini hapo mwisho umechanganya. Bendi ya shule aliiunda India, shule ya bweni iliyoko Panchgani. PANCHGANI, siyo Shangani. Majina yanakaribiana masikioni ndiyo maana watu wengi wanateleza hapo. Alirudi Unguja akiwa kijana, na mwaka 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Uingereza.

Halafu tazameni jina la ukoo. Bulsara linatokana na Bulsar, mji wa Gujarat ambao leo unaitwa Valsad. Kwa hiyo mtu tunayembishania ni wa mahali gani, alikuwa anatembea na jina la mahali pengine kabisa.

#6 Binti Mkunazini
Ahsante kwa sahihisho. Hapo kwenye Panchgani nimekubali.

#7 Mlimani 71
Nimesoma kwa utulivu. Kuchele, nianze na kukurekebisha wewe, kisha nikutetee.

Mikindani siyo Shangani. Ni kama kilomita kumi kutoka Mtwara mjini. Na mwaka 1866 Livingstone aliposhuka, mji wa Mtwara huu tunaoujua haukuwepo. Mikindani ndiyo ilikuwa bandari, yenye majumba ya mawe na biashara yake. Mtwara imekuja kuwa mji baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipoanzisha ule mradi wa karanga mwaka 1947 wakajenga bandari ya maji marefu na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ukafa, reli ikang'olewa, mji ukabaki. Kwa hiyo ukimweka Livingstone Shangani ya Mtwara unamweka mahali ambapo mji haukuwa umejengwa.

Sasa utetezi. Livingstone alifariki mwaka 1873 kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo. Akina Abdullah Susi na James Chuma wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu mpaka Bagamoyo, wakafika mwanzoni mwa 1874. Kutoka Bagamoyo ukavushwa Unguja. Na ulipofika Unguja uliwekwa wapi? Kwenye ubalozi mdogo wa Uingereza, jengo ambalo liko SHANGANI. Jengo bado lipo. Ndipo ukasafirishwa ukazikwe Westminster Abbey, Aprili 1874.

Swali lilisema "anayehusishwa na Shangani". Kwa kiapo changu cha ualimu, jibu la binti yako lilistahili alama, ila siyo kwa sababu uliyompa.

#8 Kuchele
Mzee Mlimani 71, shikamoo. Nimeisoma hiyo mara tatu. Nimemwita mtoto nikamsomea kwa sauti, akaomba nirudie pale pa Susi na Chuma. Ameuliza ilichukua siku ngapi kumbeba.

#9 Mlimani 71
Marahaba. Ni miezi, siyo siku. Alifariki Mei, wakafika pwani Februari. Mwambie pia kwamba Westminster wakati wa maziko hao wawili hawakuwepo, walifikishwa Uingereza baadaye. Wawili hao waliombeba mabegani hawakuuona mwisho wa safari waliyoifanya wao.

#10 Msumari wa Moto
Maiti haihusishwi na mtaa. Ikiwa mwili kulala mahali kunatosha, basi kila mtu mashuhuri aliyepita mochwari ni mwenyeji wa mochwari. Alama haistahili.

#11 Mama Mapacha
Msumari wewe hata kwenye harusi unapinga. Swali halikusema "mwenyeji", limesema "anayehusishwa". Soma swali kwanza.

#12 Mzee wa Kamusi
Mmebishana kuhusu watu, na mimi nataka kuwapeleka kwenye neno lenyewe, maana mleta uzi aliuliza pia kwa nini jina ni moja.

Wapo wanaosema Shangani ni "mchangani", mahali penye mchanga, sauti ikalainika. Maelezo haya yanavutia kwa sababu Shangani zote za pwani ziko ufukweni, kama alivyoona Nahodha #3. Wengine wanasema ni shanga, shanga za shingoni na kiunoni, kwa kuwa bidhaa hiyo ilipakuliwa ufukweni na kuuzwa humo. Kisiwani Pate, Kenya, kuna mji uliokufa unaoitwa Shanga tu, bila -ni. Wachimbaji wa mambo ya kale waliufukua miaka ya 1980 na kukuta msikiti juu ya msikiti, wa chini kabisa ukiwa wa karne ya 8. Wenyeji wa huko wana masimulizi kwamba jina linatokana na Shanghai, kwa ajili ya mabaharia wa Kichina waliozama karibu.

Mimi binafsi naelemea kwenye mchanga, ila kuna kitu kinanisumbua: Kimvita na Kiamu, lahaja za Mombasa na Lamu, mchanga huitwa mtanga. Huko kaskazini mchanga ungezaa "Mtangani", usingezaa Shangani. Na Shangani ya Mogadishu iko kaskazini zaidi ya Lamu.

#13 Fundi wa Mtoni
Mzee wa Kamusi nakuheshimu lakini mchanga siukubali kabisa. Nenda Unguja mjini. Kuna Shangani, na mji huohuo kuna mtaa unaitwa Mchangani. Kama Shangani ilikuwa mchangani, watu wale wangekuwa na mitaa miwili yenye jina moja ndani ya mwendo wa dakika chache?

#14 Mzee wa Kamusi
Hoja nzito. Jibu langu: majina hayazaliwi siku moja. Jina la zamani likishapoteza maana masikioni mwa watu, jipya lenye maana ileile linaweza kuzaliwa jirani yake bila mtu kushtuka. Lakini nakiri umenitoa jasho.

#15 Dereva wa Tunduma
Mnasahau moja. Mimi natoka na lori Dar mpaka Bulawayo. Ukishaipita Gweru unaelekea Bulawayo unakutana na kibao: SHANGANI. Mara ya kwanza nilikiona nikapunguza mwendo, nikamwambia turinboi wangu tumefika Unguja, akacheka mpaka akamwaga chai.

Pale kuna kituo, na kuna mto Shangani unaomwaga maji yake Gwayi halafu Zambezi. Hakuna bahari. Mzee mmoja aliyekuwa anauza mahindi ya kuchoma alinieleza habari za mwaka 1893, mfalme Lobengula wa Wandebele anakimbia kaskazini baada ya mji wake kuangukia mikononi mwa Waingereza, kikosi cha Meja Allan Wilson kikavuka mto kumfuata, nyuma yao mto ukajaa. Tarehe 4 Desemba wakazingirwa wakauawa wote waliobaki upande ule. Walowezi wakamfanya Wilson shujaa wao. Mzee yule lakini mtu mashuhuri wa Shangani kwake ni Lobengula na majemadari wake, na alisema hivyo huku anageuza hindi kwenye makaa, taratibu, kama vile anazungumzia jirani.

#16 Kijana wa Ilala
Kwa hiyo ziko nne. Na Shanga ya Pate nusu.

#17 Mzee wa Kamusi
Ya Zimbabwe ni jambo la peke yake. Hiyo wengi huihusisha na Washangani, watu wa Soshangane, kiongozi wa Kinguni aliyeanzisha dola ya Gaza kusini mwa Msumbiji. Hakuna mchanga wala shanga. Masikio tu yamekutana.

#18 Pwani Halisi
Mzee usifunge mlango haraka. Biashara ya pwani ilifika Sofala na ikaingia ndani mpaka Zimbabwe Kuu, na shanga ndizo zilikuwa fedha. Huwezi kusema "masikio tu" ukaishia hapo.

#19 Mzee wa Kamusi
Leta kiungo kinachounganisha mto ule na neno la Kiswahili, nitakufungulia mlango mwenyewe.

#20 Mama Mapacha
Mimi ya Mogadishu ndiyo inanivutia. Nani katokea huko? Nasikia Iman, yule mwanamitindo.

#21 Msomaji wa Usiku
Iman kazaliwa Mogadishu mwaka 1955, hiyo sawa. Kwamba ni mtaa wa Shangani hakuna aliyeonyesha. Tusimgawie mtu mtaa kwa sababu tunahitaji mtu wa kujaza nafasi, hilo ndilo lililomponza Kuchele.

Lakini nitakupa kitu kingine. Iman aliolewa na David Bowie mwaka 1992. Na Bowie mwaka 1981 aliimba wimbo mmoja na Queen, yaani na Freddie. Ulimwengu wa Shangani mdogo.

#22 Nahodha Mstaafu
Kwa Mogadishu mtajeni Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco. Alifika mji ule mwaka 1331, akateremka mpaka Kilwa. Na pale Shangani ya Mogadishu kuna msikiti wa karne ya 13, Arba'a Rukun. Mtaa upo tangu enzi hizo na watu wake mashuhuri wengi majina yao hayakuandikwa kwa herufi tunazofundishwa shule.

#23 Dereva wa Goba
Wakuu mimi historia naipenda ila ngoja niwaambie kinachotokea hapa Dar. Naendesha bajaji. Mbezi. Mbezi Beach iko barabara ya Bagamoyo, Mbezi Luis iko barabara ya Morogoro, ndipo kilipo kituo cha mabasi cha Magufuli. Tangu kituo kifunguliwe mwaka 2021 sijui nimebeba wangapi waliopotea.

Mwaka jana nilimpakia mama mmoja ametoka Singida usiku kucha. Ameambiwa msiba uko Mbezi, akashuka kituoni, akauliza, kila mtu anamwonyesha mtaa wake. Baada ya saa mbili ndipo mtu wa familia akapokea simu: ni Mbezi Beach. Nikamkimbiza kupitia Goba mpaka Tangi Bovu, foleni haina huruma. Tulipofika, watu walikuwa wamesharudi makaburini wananawa mikono kwenye ndoo. Alikuwa shangazi wa marehemu, ndiye aliyemlea. Alikaa kwenye bajaji yangu mlango umefunguliwa, hashuki. Nauli sikuchukua.

Mkisema majina kufanana ni jambo la vitabu, mimi nalijua lina uzito gani.

#24 Mama Mapacha
Pole yake na pole kwako, kaka.

#25 Kijana wa Ilala
Duh.

#26 Fundi wa Mtoni
Dereva umenigusa. Sisi wa Mtoni tunaijua hiyo. Ndiyo maana Dar hatusemi Mtoni peke yake, tunasema Mtoni kwa Aziz Ali, Mtoni Kijichi, Mtoni Mtongani. Jina la pili linaongezwa ili usipotee.

Na hapo mleta uzi achukue mfano mwingine wa kumpa mtoto. Mzee Aziz Ali aliyeachia mtaa wetu jina ndiye baba yake Dossa Aziz, mmoja wa waliokuwa na Mwalimu Nyerere TANU ilipoundwa Julai 1954. Hiyo Mtoni ya Temeke. Ukivuka bahari kuna Mtoni ya Unguja, kwenye kasri ya Sayyid Said, na humo mwaka 1844 alizaliwa bibi Salme, yule binti wa Sultani aliyeolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani, akaitwa Emily Ruete, akaandika kumbukumbu za maisha yake na kufariki Ujerumani mwaka 1924. Ukiulizwa "mtu mashuhuri wa Mtoni", utasema nani? Mimi nitasema Aziz Ali, na mwenzangu wa Unguja atasema Salme, na wote tumesema kweli.

#27 Binti Mkunazini
Na Mtoni zote mbili jina halina fumbo, ni mahali penye mto. Hapo hakuna aliyemwiga mwenzake. Ardhi imefanana, watu wakasema walichokiona. Kwa nini Shangani isiwe hivyohivyo?

#28 Mlimani 71
Kwa sababu si kila jina linazaliwa na ardhi, mengine yamebebwa. Livingstone huyohuyo alizaliwa Blantyre, Uskoti, mwaka 1813. Wamisionari wa Kiskoti walipofungua kituo chao nyanda za Shire mwaka 1876 wakakiita Blantyre kwa kumkumbuka, leo ni jiji kubwa la Malawi. Hakuna kilima wala mto wa Malawi uliolizaa jina hilo.

Na Georgetown. Nilikuwa mwanafunzi Mlimani wakati Walter Rodney anafundisha, ukumbi ukijaa tunakaa madirishani. Alikuwa mzaliwa wa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Mwenzetu mmoja aliyesoma sana ramani akabisha kwamba Georgetown iko Malaya, kisiwa cha Penang. Tukabishana usiku kucha bwenini. Wote wawili walikuwa sahihi: miji yote miwili imepewa jina la Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, mtu ambaye hakukanyaga hata mmoja. Rodney aliuawa kwa bomu katika Georgetown yake, Juni 1980. Kwangu mimi mji ule ni wa Rodney. Mfalme hanihusu.

#29 Msumari wa Moto
Hapo mzee nimekuunga mkono kwa mara ya kwanza katika uzi huu.

#30 Pwani Halisi
Sasa Mlimani 71 amenipa wazo na naomba lisipuuzwe. Shangani ya Unguja ndipo walipokaa mabalozi wa Kizungu karne ya 19. Shangani ya Mtwara, kama alivyosema Nahodha #3, nyumba zimeachana na viwanja ni vipana, na sote tunajua enzi za mkoloni nani alipewa viwanja vipana ufukweni. Je, haiwezekani Waingereza waliojenga Mtwara ya karanga waliupa upande wao jina la upande wao wa Unguja? Yaani limebebwa kama Blantyre.

#31 Kuchele
Pwani Halisi, hilo silikubali na ninasema kwa heshima. Bibi yangu alikuwa anaita pale Shangani, na hakuwa mtu wa kuchukua majina kwa mkoloni. Alikuwa anasema "pwani ya Shangani" hata kabla hajafikia habari ya nyumba.

#32 Pwani Halisi
Bibi alizaliwa lini? Maana kama ni baada ya 1947 hoja yangu bado inasimama.

#33 Kuchele
Kabla. Aliolewa wakati wa vita ya Hitler.

#34 Pwani Halisi
Basi bibi ana nguvu kuliko mimi. Lakini aliliita hivyo kabla ya karanga au alizoea baadaye kama sote tulivyozoea? Hilo hata yeye asingejua kulitenganisha.

#35 Mwana Kivinje
Nimechelewa. Kilwa mmeigusa mara moja tu mkapita! Kilwa tatu: Kisiwani, Masoko, Kivinje. Ibn Battuta ni wa Kisiwani. Hassan bin Omari Makunganya, aliyepigana na Wajerumani wakamnyonga mwaka 1895, ni wa Kivinje, na mwembe aliponyongewa ndio ule Mwembe Kinyonga. Kila mwaka nasikia mtu redioni anawaweka wote "Kilwa" kana kwamba walikuwa majirani wa kuazimana chumvi. Kati yao kuna zaidi ya miaka 500.

Halafu kuna Kilwa ya Kongo, Katanga, kando ya Ziwa Mweru, na kisiwa cha Kilwa ndani ya ziwa hilohilo upande wa Zambia. Hapo nani kabeba jina? Wafanyabiashara wa pwani walifika kule, hilo linajulikana.

#36 Mzee wa Kamusi
Kisiwa ziwani, kisiwa baharini, vyote Kilwa. Binti Mkunazini atasema ardhi imefanana. Wewe utasema misafara. Mimi nimeamka nao wote wawili na nimelala nao.

#37 Mke wa Mvuvi
Na Pemba! Mdogo wangu aliniambia kwa simu "nipo Pemba, biashara nzuri". Mama akapiga simu kwa ndugu wote wa Wete na Chake wampokee mtoto. Siku tatu hawamwoni, nyumba nzima imekosa usingizi. Kumbe yuko Pemba ya Msumbiji, ile iliyokuwa inaitwa Porto Amélia kabla ya uhuru wa 1975. Mama alipojua alikaa chini akavua kanga ya kichwani, akasema tu, "Alhamdulillah, ila jina hili litaniua."

#38 Mama Mapacha
Jamani huyo mama apewe chai na mkate wa kumimina.

#39 Binti Mkunazini
Kuchele, mwalimu umemwona? Usiende kwa shari. Nenda na daftari na hii habari ya ubalozi wa Shangani.

#40 Kuchele
Nimekwenda leo asubuhi, kwa heri kabisa. Amesoma, amenyamaza kidogo, akasema swali alilitoa kwenye kitabu na hakuwa anajua kwamba Mtwara kuna Shangani. Akamwita mtoto akamwuliza kuhusu Susi na Chuma mbele ya wenzake, mtoto akaeleza yote, mpaka miezi. Alama hakubadilisha, amesema mtoto hakuandika sababu. Hapo siwezi kubisha.

Ila nina jipya. Jana usiku nimempigia mama yangu Mtwara nikamwuliza, kwa nini panaitwa Shangani? Akacheka, akasema hakuna aliyewahi kumwuliza. Halafu akasema utotoni, mvua kubwa ikinyesha, asubuhi walikuwa wanakimbia pwani na bakuli kuokota vitu vidogo vidogo vilivyofukuliwa na maji. Vyekundu kama punje za mtama, vingine buluu, vina tundu katikati. Walitunga kwenye uzi wa nyavu wakavaa mkononi. Anasema mchanga pale ni mweupe lakini hakuna aliyewahi kuusemea mchanga. Wote walikuwa wanakwenda "kuokota".

#41 Fundi wa Mtoni
SHANGA! Nilisema!

#42 Mzee wa Kamusi
Fundi, wewe ulikataa mchanga tu, hukusema shanga. Rudi #13 usome.

Kuchele, mama anazo bado? Hata moja? Nataka kujua zilivyo: ni za kioo zilizokatwa kwenye mrija, au zimeviringishwa moja moja? Nyekundu yake ni ya wazi au ya udongo? Hayo yanaweza kutuambia ni za zama gani.

#43 Msumari wa Moto
Na hata zikiwepo, shanga zinaokotwa pwani yote hii, Kaole, Kunduchi, Kilwa. Mbona huko hakukuitwa Shangani?

#44 Nahodha Mstaafu
Msumari kwa hili umeuliza vizuri.

#45 Kuchele
Anasema dada yake mkubwa alikuwa na kikopo cha maziwa kimejaa, na huyo mama mkubwa wangu yuko hai, anaishi Mikindani. Ijumaa kuna binamu yangu anakwenda. Nimemwagiza apige picha ya kikopo, na picha ya shanga kiganjani kwenye mwanga wa jua, siyo ndani ya nyumba. Mtoto ameomba nisimwonyeshe mtu yeyote kabla yake.